Kiwanda Kimefungwa, Mume Hana Kazi: Je, Nitie Sahihi Kifunguliwe?

Swali: "Mume wangu amefanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari, nje kidogo ya mji wetu hapa Pwani ya Kenya. Mwezi uliopita maafisa wa mazingira walikifunga kwa sababu ya moshi. Sasa mwakilishi wadi anazungusha karatasi tutie sahihi kifunguliwe. Anasema hata wachumi wanakubali kuwa nchi maskini haiwezi kuendelea bila kuchafua, kwamba Wazungu na Wachina walichafua kwanza wakatajirika ndipo wakasafisha, na kwamba sheria za mazingira zinaua kazi. Wengine mtaani wanataka kisifunguliwe kamwe. Binti yetu ana miaka minne, tumbo linamsumbua mara kwa mara, na mwalimu wake wa chekechea anasema hatulii. Kodi ya nyumba ilikuwa inatoka kwenye mshahara huo huo. Nimesikia pia habari ya 'mchafuzi alipe', lakini naona ni kama kumuuzia tajiri ruhusa ya kutuua. Uchumi unasema nini hasa? Nitie sahihi au nisitie?"

Jibu: Dada yangu, nianze na binti yako kabla ya uchumi, maana mwenye kiwanda anaweza kungoja na mtoto hawezi. Mpeleke apimwe kiwango cha madini ya risasi kwenye damu, maana ndiyo sumu inayotoka kwenye betri hizo na hudhuru akili za watoto. Kipimo hiki ni tofauti na kile cha malaria au cha upungufu wa damu. Zahanati nyingi hazina, kwa hiyo ulizia hospitali ya rufaa au maabara kubwa mjini. Mimi ni mchumi, si daktari. Tumbo la mtoto linaweza kuwa minyoo, na kutotulia kwa miaka minne kunaweza kuwa utoto tu. Lakini risasi haina harufu wala rangi ndani ya mwili, na mtoto ambaye baba yake ametoka tanurini kila jioni kwa miaka mitatu ana sababu ya kupimwa. Baba naye apimwe.

Sasa swali lenyewe. Ukiliondolea maneno ya mikutanoni, unachouliza ni kama inakubidi uchague kati ya unga wa leo na akili ya mwanao. Mwakilishi wadi amekwambia ndiyo, na amelitaja jina la wachumi. Kuna sehemu ya maneno yake ambayo ni kweli, nami sitaificha. Lakini hilo kubwa, kwamba uchafu ni nauli ambayo lazima ilipwe ili kufika kwenye maendeleo, halitoki kwenye uchumi ninaoujua.

Tuanzie kwenye daftari la mwenye kiwanda. Ananunua betri kwa kilo kutoka kwa watu wa vyuma chakavu. Betri ya gari ni zaidi ya nusu risasi kwa uzito, na risasi ni madini yanayoyeyushwa upya mara nyingi bila kuharibika, kwa hiyo kazi anayoifanya ina faida ya kweli kwa nchi. Betri zile zingetupwa mtaroni. Anaandika bei ya betri, makaa, umeme, mishahara. Upande wa pili anaandika risasi aliyouza. Akitoa hiki kwenye kile, anaona faida, analala.

Kisichoandikwa ni vumbi. Betri inapopasuliwa, tindikali inamwagika chini. Tanuri linapopamba moto, sehemu ya risasi inapaa na moshi, inapoa hewani, inakuwa vumbi jepesi linalotua juu ya bati zenu, kwenye maji ya mvua mnayoyakinga, kwenye mchanga anaochezea mtoto. Gharama hiyo ipo, tena ni kubwa, lakini hakuna risiti. Wachumi wanaiita athari ya nje, jina ambalo halijawahi kunipendeza, kwa sababu iko nje ya daftari la tajiri tu. Kwako wewe iko ndani, juu ya godoro.

Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha 1920. Alitaja gari moshi ambalo cheche zake zinachoma miti iliyo kando ya reli: kampuni inahesabu nauli na makaa, miti haihesabu. Matokeo yake, alisema, treni zitapita nyingi kupita inavyofaa, kwa kuwa anayeamua haoni hesabu yote. Kwa hiyo unaposikia kwamba kanuni ya mazingira "inaongeza gharama", shtuka kidogo. Gharama ilikuwepo tangu siku tanuri lilipowashwa. Kanuni inaitoa nyumbani kwako na kuirudisha kiwandani, kwa mtu anayeweza kuipunguza kwa kufunga kichujio. Wewe ungeipunguza kwa nini? Kwa kufunga dirisha?

Hapa kuna jambo ambalo hata wanafunzi wangu huchelewa kuliona. Madhara anayoyapata mume wako tanurini si sawa kabisa na unayoyapata wewe. Yeye ana mkataba, hata kama ni wa mdomo. Angekuwa anajua hatari yote, angeweza kudai mshahara mkubwa zaidi, glavu, barakoa, au akakataa kazi. Mara nyingi hajui, na hilo ni kosa jingine la kujadiliwa peke yake. Lakini jioni anarudi, anavua shati, analitundika mlangoni, na mtoto anamrukia. Dakika hiyo vumbi limevuka kutoka kwenye mkataba na kuingia kwa mtu ambaye hakuulizwa, hakulipwa wala hana umri wa kukubali chochote. Kama ningetakiwa kuonyesha athari ya nje kwa kidole, ningeonyesha shati lile.

Nikupe hesabu ya mfano, namba za kubuni ili uone mkondo. Tuseme kiwanda kinapata faida ya shilingi milioni 20 kwa mwezi, na hasara ya majirani, yaani matibabu, siku za kazi zilizopotea, watoto watakaoshindwa masomo, ni milioni 15. Vichujio na kuta vinagharimu milioni 6 kwa mwezi na vinashusha hasara hadi milioni 3. Bila vichujio, mtaa mzima pamoja na tajiri mnabaki na milioni 5. Kikifungwa kabisa mnabaki na sifuri. Kikiwekewa vichujio, tajiri anabaki na 14, toa 3 za majirani, mnabaki na 11. Njia bora iko wazi. Lakini tajiri akiachiwa achague mwenyewe atachagua 20 badala ya 14, na si lazima awe mtu mbaya. Sasa badilisha namba za hasara: tuseme bila vichujio ni 40, na inayobaki baada ya vichujio si 3 bali ni 18, kwa kuwa nyumba zimebanana na ukuta wa kiwanda. Hapo hata chenye vichujio hakifai kukaa pale, kihame. Kwa hiyo anayesema "kifungwe milele" na anayesema "kifunguliwe hivyo hivyo" wote wamejibu kabla ya kuuliza namba.

Utaniuliza, kama vichujio vinafaidisha wote, kwa nini tusikae na tajiri tukapatana? Mchumi Ronald Coase aliuliza hivyo hivyo mwaka 1960, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni kwamba kama haki ya kila upande inajulikana na mapatano hayana gharama, watu watafika kwenye njia bora wenyewe bila kodi ya Pigou, yaani kumtoza mchafuzi kiasi cha madhara anayowaletea wengine. Wengi huishia hapo na kumfanya Coase mtetezi wa viwanda. Lakini yeye mwenyewe alijua kuwa mapatano yana gharama, na hilo ndilo lililompa hoja. Hebu yaitishe mapatano hayo mtaani kwenu. Nani ataita mkutano? Nani atapima hewa? Harambee ya kumlipa wakili ikipitishwa, nyumba ya tatu itasema wachange wengine, moshi ukipungua utapungua kwangu pia. Na tajiri ni mmoja, amepata habari zote, anaamka na shughuli moja tu. Ndiyo maana katika moshi unaosambaa kwa mamia ya nyumba, makubaliano ya hiari huwa nadra, na serikali inaingia kuwawakilisha wale ambao hawawezi kukaa kikao kimoja.

Hilo la haki kujulikana, Kenya tumelimaliza kwenye karatasi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inakuruhusu uende mahakamani, na inasema wazi kuwa huhitaji kuonyesha kwamba mtu ameshapata hasara au kuumia. Usidharau hicho kifungu. Mzigo wa kusubiri mtoto augue ndipo ulalamike umeondolewa.

Sasa "mchafuzi alipe". Hofu yako ina msingi, lakini imeelekea upande usio sahihi. Kodi ya uchafuzi iliyopangwa sawasawa inakusudiwa kumfanya tajiri aone kuwa kuchafua ni ghali kuliko kusafisha. Kama analipa na anaendelea kuchafua vile vile, kodi ni ndogo mno; haikuwa kodi, ilikuwa leseni. Hali kadhalika faini. Mfanyabiashara haogopi faini iliyoandikwa kwenye sheria, anaogopa faini hiyo ikizidishwa na uwezekano wa kukamatwa. Faini ya milioni moja inayompata mara moja katika ziara kumi ni kama shilingi laki moja kwa ziara, na kama tanuri linawashwa saa nane za usiku maafisa wakiwa wamelala, hata hiyo haipo.

Lakini kwa risasi nitakwambia zaidi: kodi peke yake siyo dawa yake, na sababu imo kwenye mwili wa mtoto. Mwaka 2005 watafiti waliunganisha takwimu za watoto kutoka nchi kadhaa. Damu ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, kipimo cha akili kilishuka kwa takriban alama 3.9. Ilipopanda tena kutoka 10 hadi 20, kilishuka kwa alama 1.9 tu zaidi. Soma tena namba hizo. Risasi ya mwanzo ndiyo inayoharibu zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo yule anayesema "kidogo hakidhuru" ameshika kinyume chake, na kupunguza moshi nusu kunaweza kuokoa chini ya nusu ya madhara. Kodi ya Pigou hufanya kazi vizuri pale ambapo kila kipimo kinachoongezeka kinauma kuliko kilichotangulia. Hapa ni kinyume. Kwa sumu ya namna hii, mimi nataka ukomo mkali, vipimo vya mara kwa mara, na zaidi ya yote umbali kati ya tanuri na nyumba. Kodi nitaiweka kwenye vitu vingine, kama moshi wa magari au taka za plastiki.

Tuje kwa Wazungu na Wachina. Kuna mchoro maarufu tangu miaka ya 1990 ambao unaonyesha uchafuzi ukipanda nchi inapoanza kukua, kisha ukishuka inapotajirika, kama kilima. Mwakilishi wadi wako pengine ameusikia mahali. Mchoro upo, kwa baadhi ya uchafu si wote, lakini hausemi kwamba utajiri wenyewe ndio uliofagia. London Desemba 1952 moshi wa makaa ulifunika mji siku chache. Hesabu za kwanza zilisema wamekufa watu 4,000, hesabu za baadaye zikafika 12,000. Baada ya hapo ikaja sheria ya hewa safi ya 1956. Waliteremka kilima kwa sheria, wakiwa wamekwisha kuzika. China vivyo hivyo: mwaka 2011, watoto walipokutwa na risasi kwenye damu mikoa mbalimbali, serikali ilisimamisha viwanda vingi vya betri, na wakati huo Mchina wa kawaida alikuwa mbali sana na kipato cha Mjerumani. Kwa hiyo China unayotajiwa kama mfano wa kuchafua ilizima matanuri kama hilo lenu.

Na sisi tunao mfano wetu, tena wa madini haya haya. Petroli yetu ilikuwa na risasi. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Senegal, kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiondoa. Hatukungoja tuwe matajiri. Bodaboda ziliongezeka, matatu ziliongezeka, na watoto wanaokulia kando ya barabara leo hawavuti kile walichovuta wazazi wao. Hakuna aliyepoteza kazi ninayeweza kumtaja.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo "kukua kwa uchumi" hupotosha. Pato la taifa linahesabu tani za risasi zilizosafirishwa. Mtoto akilazwa, bili ya hospitali nayo inaongezwa kwenye pato. Alama nne za akili zilizopotea hazitolewi popote. Lakini mtoto yule ndiye fundi, karani na mwalimu wa miaka ishirini ijayo. Ukimpunguza umeuza mbegu ili ununue unga.

Sasa sehemu ya kweli ya mwakilishi wadi. Sheria za mazingira huua baadhi ya kazi. Mchumi Michael Greenstone alipima sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970: kati ya 1972 na 1987, kaunti zilizobanwa zilipoteza takriban ajira 590,000 zikilinganishwa na ambazo hazikubanwa. Baadhi ya ajira hizo huenda zilihamia kaunti ambazo hazikubanwa, hazikuyeyuka. Mwenzake Reed Walker aliwafuata wafanyakazi wenyewe akakuta kuwa wale wa viwanda vilivyobanwa walipoteza, ukijumlisha miaka iliyofuata, karibu asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka, na mzigo mkubwa ulibebwa na waliolazimika kutafuta kazi nyingine. Mume wako ni mmoja wa hao, na asikudanganye mtu kwamba hasara yake ni ya kufikirika. Upande wa pili wa mizani, serikali ya Marekani ilikadiria kuwa kati ya 1970 na 1990 sheria hiyo iligharimu takriban dola trilioni 0.5 na ikaleta manufaa ya takriban trilioni 22, sehemu kubwa ikiwa ni maisha yaliyookolewa, na kuondolewa kwa risasi kukiwa na mchango mkubwa. Shida ni kwamba wanaopoteza wana majina na kodi ya nyumba, na wanaopata hawajijui. Mtoto ambaye hakuugua haandamani.

Utasikia pia wanaosema kanuni kali humfanya mwenye kiwanda abuni mbinu mpya hadi apate faida zaidi. Hutokea. Usipange bajeti ya nyumba kwa kutegemea hilo.

Hofu nyingine ya kweli ni kwamba ukibana hapa kiwanda kinavuka mpaka. Kwa viwanda vingi ushahidi wake ni hafifu, kwa sababu gharama ya kusafisha ni sehemu ndogo ya gharama zote. Kwa betri ushahidi una nguvu. Marekani ilipokaza kiwango cha risasi hewani mara kumi mwaka 2008, kutoka mikrogramu 1.5 hadi 0.15 kwa mita ya ujazo, betri kuukuu zilianza kumiminika Mexico, na watoto waliozaliwa karibu na matanuri ya huko wakaongezeka wenye uzito mdogo. Kwa hiyo Kenya ikikaza peke yake, lori litaelekea kwa jirani, na mtoto wa jirani ni mtoto. Hili ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki kukubaliana kiwango kimoja, wala si hoja ya sisi kulegeza.

Linalonisumbua mimi zaidi ni karibu kuliko mpaka. Kiwanda kimefungwa, sawa, lakini magari hayajaacha kuua betri. Wa vyuma chakavu bado wananunua kwa kilo. Na sasa mtaani kuna vijana kadhaa walioachishwa kazi ambao wanajua kuyeyusha: kinachotakiwa ni shoka, sufuria kuukuu, makaa na uwanja wa nyuma. Tajiri mmoja anaweza kukaguliwa. Sufuria thelathini hazikaguliki. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi, na chanzo kilikuwa betri zilizovunjwavunjwa na watu wa kawaida na udongo uliochekechwa ili kuokota risasi. Hapakuwa na tajiri wala bomba la moshi. Kwa hiyo kufunga bila kufikiria betri zinakwenda wapi kunaweza kuwa kubaya kuliko kutofunga. Dawa ya hapa inajulikana kwa kila aliyewahi kurudisha chupa ya soda: amana. Ukinunua betri mpya unaacha fedha kidogo, ukirudisha ya zamani kwa mnunuzi mwenye kibali unarudishiwa. Bei ya halali ikiipita bei ya uwani, betri zitajipeleka zenyewe.

Pia usisahau Owino Uhuru, maana ni hapo Mombasa. Tanuri la betri liliwekwa ubavuni mwa mtaa wa watu takriban 3,000 mwaka 2007, chini ya mpango wa kuvutia viwanda vya kuuza nje. Phyllis Omido, mama aliyekuja kuongoza mapambano ya mtaa huo, alikuwa ameajiriwa hapo hapo. Mwanawe mchanga aliugua, na damu ikakutwa na risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu miaka. Mtoto aliyekuwa na miaka minne tanuri lilipowashwa alikuwa amepita miaka ishirini. Na sehemu kubwa ya lawama iliangukia mashirika ya serikali, maana yake atakayelipa ni mlipa kodi, yaani hata wewe. "Mchafuzi alipe" ikija baada ya mchafuzi kuondoka, ni maneno tu. Ndiyo maana napenda amana ya kiwanda kabla ya kuanza kazi: fedha zinawekwa kando, kikichafua na kutoroka, zipo za kusafisha udongo na kupima watoto. Sheria yetu ya mazingira ya 1999 imeweka nafasi ya amana za namna hiyo.

Mambo ya nyumbani, fanya wiki hii hata kabla ya majibu ya damu. Nguo za kazi alizonazo mume wako zifuliwe peke yake, viatu vikae nje. Usifagie vumbi kavu. Pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na asichezee mchanga ulio karibu na ukuta wa kiwanda. Madaktari husema mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hunyonya kiasi pungufu cha risasi, kwa hiyo dagaa, maharage na maziwa yana kazi yake. Akipata degedege, akilegea au akitapika mfululizo, usingoje maabara, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na kama majibu yake ni ya juu, usipambane peke yako na mwenye kiwanda: chukua nakala ya majibu, tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria, na mwandike tarehe na saa mlizoona moshi. Wakili atahitaji daftari hilo kuliko atakavyohitaji hasira.

Na karatasi ya mwakilishi wadi? Kama ilivyo, usiitie sahihi. Mwambie utatia ikiongezwa haya, kwa maandishi: kwamba kiwanda kisiwashwe kabla ya vichujio kufungwa na hewa na udongo kupimwa na mtu asiyelipwa na mwenye kiwanda, majibu yakibandikwa kwa chifu, kwamba damu ya watoto wote wa jirani ipimwe kwa gharama ya kiwanda, kwamba kuwe na bafu na sehemu ya kubadilisha nguo ndani ya uzio, kwamba wafanyakazi walipwe sehemu ya mshahara muda wote wa matengenezo, na kwamba vipimo vikionyesha nyumba ziko karibu mno hata kwa vichujio, kihamishwe na wafanyakazi wa sasa wapewe nafasi za kwanza huko kiendako. Mpe mume wako hiyo ya mshahara aisome kwanza. Akikubali kuipeleka kwa wenzake, mwakilishi wadi atapata sahihi nyingi kuliko alizonazo sasa.